Maswali na majibu: bawa zito, kabureta mbili na propela ya mbao

Safari hii wanaouliza wote wamekwisha kuruka. Ndege walizojiundia zinapaa na kutua salama, ila kila moja ina kaugonjwa kake.

Fundi, RV-7 yangu (ndege ndogo ya viti viwili ya kujiundia) inalalia kulia kila nikiachia mkono. Rafiki ananiambia nipinde ukingo wa eleroni, kile kibawa cha nyuma ya bawa kinachoilaza ndege kushoto au kulia. Nianze upande upi? (Msomaji, Oregon)

Usianze na eleroni hata kidogo. Anza na mafuta. Matangi yako yamo ndani ya mabawa, na petroli ya ndege ina uzito wa kama kilo 0.72 kwa lita. Tangi la kulia likizidi la kushoto kwa lita 20, hizo ni kilo 14 na ushei upande mmoja. Sawazisha matangi, kisha ruka peke yako. Uzito wako kwenye kiti cha kushoto unavuta kushoto, kwa hiyo ndege ikiendelea kulalia kulia, ugonjwa upo kweli.

Sasa tazama kijipira kwenye geji ya kugeuka. Kama hakikai katikati, ndege inakwenda kimshazari, na bawa moja litashuka tu. Kirudishe kwa pedali, achia mkono, uone. Wengi wanaolalamikia bawa zito wana kasoro kwenye usukani wa mkia, au vifuniko vya magurudumu vimefungwa vikatazama pembeni. Vinyooshe hivyo kwanza. Ikiwa bado kijipira kimekimbilia kulia na inakubidi kukanyaga pedali ya kulia, bandika kibamba kidogo kwenye ukingo wa nyuma wa usukani, ukielekeze kushoto. Upepo utakisukuma, nacho kitaupeleka usukani kulia. Kibandike kwa utepe wa gundi ukijaribu pembe mbalimbali. Ribiti, yaani misumari ya kukifunga moja kwa moja, zije mwisho.

Kijipira kikitulia na ndege bado inalala, kagua flapu (vibawa vya nyuma ya bawa vinavyoteremshwa wakati wa kutua). Ya kushoto ikining'inia hata kidogo kuliko mwenzake, inalinyanyua bawa lake na kukusukuma kulia. Hapo tu, mengine yote yakiwa sawa, ndipo ninapokuruhusu kugusa eleroni: kibamba kwenye ile ya kulia, kikitazama juu, ili eleroni ishuke na bawa lipande. Badilisha kitu kimoja kwa kila ruko. Ukibadilisha vitatu na ndege ikatengemaa, hutajua kipi kilichokuponya.

Shikamoo fundi. Nina injini ya Rotax 912. Kwenye mizunguko ya juu inakwenda laini, lakini nikiipunguza inatetemeka kama trekta. (Msomaji, Nanyuki)

Marahaba. Kabureta zako mbili, vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa, hazisikilizani. Kila moja inalisha silinda mbili za upande wake, na moja ikifunguka mapema kuliko nyingine, upande mmoja unavuta na mwingine unaburutwa. Kwenye mizunguko ya chini tofauti hiyo ndogo inakuwa kubwa, na gharama inalipwa na giaboksi. Kitabu cha Rotax kinataja mizunguko 1,400 kwa dakika kuwa kiwango cha chini kabisa. Mimi sipendi kufika huko. Injini yenyewe itakuonyesha inapotulia, juu kidogo ya hapo.

Linganisha kebo za kabureta kwa macho kwanza, injini ikiwa imezimwa: vishikio viwili viguse na viachie skrubu zake kwa wakati mmoja. Kisha funga geji mbili za kupimia mvuto wa hewa, moja kila upande, na uhakikishe bomba linalounganisha pande hizo mbili limetengwa. Likibaki wazi, geji zitakudanganya kwamba mambo ni shwari.

Hadhari moja. Springi za kabureta hizi zinavuta kuelekea kufungua, si kufunga. Kebo ikichomoka mkononi mwako, injini inakwenda mbio zote. Funga mkia kwenye nguzo, weka kabari magurudumuni, na asikae mtu mbele ya propela.

Silinda ya 3 kwenye injini yangu ya Lycoming O-360 ina joto kuliko zote. Nibadilishe silinda? (Msomaji, Nairobi)

La! Badilishana kwanza vipima joto kati ya silinda ya 3 na jirani yake. Joto likihama na kipimo, umeokoa pesa. Lisipohama, chungulia nyuma ya silinda hiyo: mara nyingi bati la kuelekeza hewa limelala juu ya mapezi ya silinda yanayotoa joto na kuziba njia. Washa chache (vile vipete bapa vya bolti) nyuma ya bati hilo zinaacha mwanya wa kutosha. Halafu usiku, hanga ikiwa giza, weka taa ndani ya boneti. Kila mahali mwanga unapopenya, hewa ya kupooza inatorokea hapo. Ziba kwa silikoni ya joto kali. Kikomo cha Lycoming ni nyuzi 260 za Selsiasi, lakini wao wenyewe wanashauri usivuke 224 ukitaka injini idumu.

Redio inalia "wiii" na sauti inapanda nikiongeza mafuta. (Msomaji, Arusha)

Jenereta. Peleka ethi (nyaya za kurudishia umeme) za redio na hedfoni mahali pamoja, zisitawanyike kila kona ya bodi, na kaza waya wa ethi wa injini.

Nimehamisha ndege yangu kutoka Mombasa kwenda Dodoma. Propela ni ya mbao. Kuna la kufanya? (Msomaji)

Lipo, na ulifanye kabla ya kuruka tena. Mbao iliyozoea unyevu wa pwani inasinyaa kwenye hewa kavu, na bolti zilizokuwa zimekaza zinalegea bila mtu kuzigusa. Zipime kwa spana ya kupimia mkazo, kwa kipimo cha mtengenezaji wa propela hiyo hasa, usikisie. Kukaza kupita kiasi kunaiponda mbao, nayo haikusamehe. Ukikuta alama nyeusi za kuungua kwenye kitovu, propela imekuwa ikiteleza: usiruke nayo, ipelekwe kwa fundi wake. Rudia kupima kila majira yakibadilika. Na ukiegesha, iache imelala, ncha moja kushoto na nyingine kulia, ili unyevu usijikusanye kwenye ncha ya chini na kuiharibia uwiano.