Maswali ya Wasomaji: Makapu, Mikeka na Tangi la Skuli

Sisi ni Wapemba tunaoishi Leicester, Uingereza. Tunauza makapu ya ukindu yanayosukwa na akina mama wa kijijini kwetu, upande wa Micheweni, ili skuli ya hapo ipate tangi la maji ya mvua. Tumepanga kila msusi akatwe asilimia 30 ya ujira, iingie mfuko wa tangi. Sasa wananung'unika na kazi imeanza kuharibika. Tumekosea wapi?

Mmekata upande usio wenu. Mama anayesuka ndiye mwenye mtoto katika skuli hiyo, na mnamtaka alipie tangi kwa jasho lake ilhali mnunuzi wa Leicester anapata kapu kwa bei ya chini. Kazi inaharibika kwa sababu hiyo hiyo: aliyepunguziwa ujira hupunguza saa. Ukili, ule utepe wa ukindu uliosukwa, unakuwa mlegevu, mshono unapigwa mbali mbali, na kapu likitiwa viazi kilo tano linaachia chini.

Pangeni bei kuanzia kwa msusi kwenda juu. Huu ni mfano tu wa hesabu, kwa shilingi za Tanzania. Tarakimu zenu mtaziweka wenyewe. Ukindu na rangi 4,000. Saa 14 za kazi kwa 1,500, ni 21,000. Mikono ya ngozi 5,000. Jumla 30,000. Ongezeni asilimia 10 ya kikundi, yaani 3,000 za sufuria, kuni, nauli na simu: kapu linatoka kijijini kwa 33,000. Usafirishaji 9,000, inakuwa 42,000. VAT ya forodhani Uingereza ni asilimia 20 na hupigwa kwenye thamani pamoja na usafirishaji, kwa hiyo 8,400. Meza ya mnadani na makato ya kadi 6,000. Mmefika 56,400. Mkiuza 80,000 zinabaki 23,600. Tengeni 3,600 kwa makapu yatakayopata dosari au kulala dukani, na 20,000 kamili ziende kwenye tangi. Hiyo ni robo ya bei, na ujira wa msusi haujaguswa.

Hizo saa 14 msizikadirie kwa macho. Mpimieni saa msusi wa mkono wa kawaida, si yule fundi anayewashinda wote, na muhesabu kuchana ukindu, kutia rangi, kusuka na kushona. Kuchana ndiko kunakosahauliwa kila mara.

Jengine ni malipo ya mwanzo. Kanuni za Shirika la Biashara ya Haki Duniani, WFTO, zinataka mnunuzi wa kazi za mikono alipe walau asilimia 50 kabla, bila riba, wazalishaji wakiomba. Bila fedha hiyo msusi hukopa ukindu kwa mchuuzi, na mchuuzi hulipwa kwa makapu mazuri kuliko yote. Ninyi mnaletewa yaliyobaki.

Mimi ni katibu wa kikundi cha ushonaji mikeka, Wete. Mikeka 14 imerudishwa: mengine ina ukungu mweusi, mengine rangi nyekundu imeingia kwenye nyeupe. Tulianika kabla ya kufunga. Tufanyeje?

Hayo ni makosa mawili, na kila moja lina mahali pake pa kuzuiwa.

Tuanze na rangi. Ukindu mkavu ukitumbukizwa moja kwa moja kwenye rangi huila kwa mabaka, na kilichobaki juu juu ndicho kinachochuja baadaye. Uloweke usiku mzima kwenye maji safi. Asubuhi koroga unga wa rangi pembeni, kwenye kikombe cha maji ya moto, uchuje kwa kitambaa ndipo umimine kwenye sufuria. Punje isiyoyeyuka huacha doa ambalo halitoki. Kuna rangi zinazotaka chumvi na kuna zinazotaka siki, kwa hiyo ukinunua unga uliopimwa kwenye karatasi dukani, muulize muuzaji akuonyeshe kopo lake. Chemsha kwa moto mdogo kiasi cha nusu saa huku ukigeuza, kisha uache ukindu upoe humo humo ndani ya rangi. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Si mara mbili kwa mazoea: mpaka yatoke meupe, hata ikiwa mara sita. Anika kivulini.

Kabla ya kusuka, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, sugua ujiti mmoja mara kumi. Kitambaa kikishika rangi, fungu lote lirudi kwenye kusuuzwa. Waridi na zambarau zile kali ndizo za kuangaliwa zaidi, maana hata zisipochuja hupauka upesi kwenye jua la dirishani. Nasi tungependelea kikundi kiwe na rangi tatu zinazoaminika kuliko nane za kubahatisha.

Ukungu ni habari ya maji yaliyojificha. Msusi huulowesha ukindu ili usikatike mkononi, mshonaji naye hulowesha tena, na pale ukili unapokutana na ukili unyevu hukaa. Mkeka unaonekana mkavu juu. Ukiufunga kwenye nailoni mwezi wa Aprili, masika yamepamba moto, umeutengenezea ukungu nyumba. "Tulianika" haitoshi, kwa sababu jua la saa nne si sawa na jua la siku nne. Tumieni mzani. Pimeni mkeka leo alasiri, uanikwe tena, upimwe kesho wakati ule ule. Uzito ukishuka, bado una maji. Ukibaki pale pale siku mbili mfululizo, fungeni.

Mkeka ukunjwe kwa kuviringishwa juu ya bomba la karatasi ngumu, usikunjwe mara nne kama shuka, maana kwenye mkunjo ukindu huvunjika na mstari hauondoki. Ufungwe kwa kitambaa au karatasi kwanza. Nailoni ije nje kabisa, kwa ajili ya mvua ya njiani.

Ile 14 ipelekeni nje, muifute kwa brashi kavu mkiwa mmefunga pua na mdomo, kisha mpitishe kitambaa chenye siki iliyotiwa maji na muianike. Ukungu wa juu utafutika, lakini madoa meusi yatabaki. Iuzwe hapo hapo Wete kwa bei ya daraja la pili, na mnunuzi aambiwe kwa nini.

Kipimo kimoja cha kuwasaidia kwenye oda ijayo: mkeka wa mita 1.8 kwa 1.2 ukisukwa kwa ukili wa upana wa sentimita 6 unataka ukili wa mita 36, yaani kama pima 20, na mita mbili zaidi kwa mshono na pindo. Msusi akileta pima 18, mshonaji atavuta ukili ufike, na mkeka utapinda pembe.

Je, tunaweza kuchanganya na vinyago vya mpingo vya Wamakonde? Vinauzika sana.

Mnaweza, ila kwa mzani. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia. Bidhaa zilizokamilika hazihitaji kibali cha CITES iwapo mpingo uliomo hauzidi kilo 10 kwa shehena moja, na mpingo ni mzito: vinyago vichache tu vimeshafika hapo. Magamba ya kasa msiyaguse kabisa, hata kama ni kifungo cha kapu.

Mteja hapa Uingereza anataka kununua kapu la pauni 30 na ametuambia tudai Gift Aid, ile nyongeza ambayo serikali hukipa chama cha hisani juu ya mchango wa mlipa kodi. Inawezekana? Na lazima tuandikishwe?

Gift Aid ni ya mchango, si ya bei ya bidhaa. Kapu likiwa na bei ya pauni 30, hamdai kitu. Akitoa pauni 40 na ikafahamika wazi kwamba 10 za juu ametoa kwa hiari, hizo 10 zinadaiwa, mradi chama kinatambuliwa na mamlaka ya kodi na yeye ametoa tamko la Gift Aid.

Kwa England na Wales, chama cha hisani chenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka huandikishwa Charity Commission. Na duka la kibiashara likitaka kuuza makapu yenu huku likiandika kwamba sehemu ya fedha inakwenda kwenye hisani, lazima muwe na mkataba wa maandishi na mteja aelezwe kiasi. "Faida yote inakwenda Pemba" haifai. Andikeni: "Kila kapu linatoa pauni (tajeni idadi) kwa tangi la skuli," na iwe kweli.

Fedha zinaingia kidogo kidogo. Tununue tangi kwanza? La ukubwa gani? Skuli ina watoto 120 na paa la mabati mita 12 kwa 7.

Tangi liwe la mwisho kununuliwa. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lenu lina mita za mraba 84, kwa hiyo mvua ya milimita 50 huleta lita 4,200. Toeni moja ya tano kwa kumwagika na kukauka, zinabaki 3,360. Watoto 120 wakinywa lita 2 kila mmoja ni lita 240 kwa siku, na tangi la lita 10,000 likijaa litawafikisha siku 41 za masomo.

Makapu ya mwanzo yalipie mifereji, yenye mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, pamoja na pipa la kupokea maji ya kwanza yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege. Kwa nusu lita kwa kila mita ya mraba, paa hilo lataka lita 42 zimwagwe kila mvua inapoanza. Fungu la pili liende kwenye msingi. Lita 10,000 ni tani 10, na tangi la plastiki likikaa juu ya udongo uliojazwa juzi litazama upande mmoja na kupasuka kwenye bomba la kutolea. Shindilieni, mwageni zege pana kuliko tangi, mlimwagilie maji siku saba likiwa limefunikwa, ndipo tangi lipande juu. Bomba la kutolea maji yanayofurika mlielekeze mbali na msingi, kwenye migomba ikiwa ipo karibu.