Maua ya tomati yanaanguka mwezi wa saba: chupa ya "vitamini" haitayashika

Swali la mama mmoja wa Ruashi, Lubumbashi: Papa agronomu, nilipanda tomati 60 kwenye parseli yangu. Nilizihamisha toka kitaluni mwanzo wa mwezi wa tano. Zilikomaa vizuri, lakini tangu katikati ya mwezi wa sita maua yote yanaanguka, na majani yamekuwa zambarau kwa chini. Jirani aliniambia udongo umechoka, nikatia mbolea ya yurea. Muuzaji wa sokoni naye akaniuzia chupa ya "vitamini ya maua". Nimepuliza mara 3, maua bado yanaanguka. Nifanye nini?

Jibu: Mama, asante kwa kuandika tarehe. Wengi huniletea ua lililokauka ndani ya karatasi bila kusema lilifunguka lini, na tarehe ndiyo nusu ya jibu. Kulima tomati wakati wa kiangazi hukukosea, kwa sababu mvua ingekuletea mildiu, ule ugonjwa wa ukungu wa majani. Shida ni kwamba maua yako yamefunguka katikati ya baridi. Tomati zako haziumwi wala hazina njaa. Zinasikia baridi.

Kila nikisema hivi mtu ananiambia: lakini Papa, mchana si kuna jua? Liko, na saa nane utavua koti. Ila ua la tomati linaharibika usiku. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mbingu ya kiangazi haina wingu la kufunika joto la ardhi lisipotee. Usiku wa mwezi wa sita na wa saba hushuka mara nyingi chini ya digrii 10, na kwenye mabonde ya Kafubu na Naviundu zaidi, maana hewa baridi huteremka bondeni kama maji. Ua la tomati linataka usiku usiopungua digrii 13 hivi. Chini ya hapo chavua, lile vumbi la njano la ua, haiivi, na ua lisilopata chavua mmea wenyewe unaliachilia.

Usiniamini mimi, jionee. Kesho saa nne asubuhi zima simu yako kioo kibaki cheusi, ishike chini ya ua lililofunguka, kisha ligonge ua kwa ukucha. Wakati wa joto ungeona vumbi la njano kiooni. Sasa utaona kidogo sana, au hakuna. Halafu tazama kikonyo cha ua. Katikati yake kuna fundo, kama goti dogo. Kikonyo kinageuka njano kuanzia hapo, na hapo hapo ua linakatika, safi kama kwa wembe. Mdudu hakati namna hiyo.

Sasa hiyo zambarau, maana ndiyo inayowapeleka watu kwenye mfuko wa yurea. Jirani yako ameona kitu cha kweli: rangi hiyo inatokea jani linapokosa fosfori, kirutubisho kimoja cha mmea. Lakini jani kukosa si udongo kukosa. Udongo wetu mwekundu una tindikali, na chuma na alumini iliyomo huishikilia fosfori hata wakati wa joto. Baridi ikiingia, mizizi inazubaa na kushindwa kuchukua hata ile kidogo iliyo huru. Na yurea haina fosfori hata chembe. Kirutubisho chake ni naitrojeni peke yake, kilo 46 kwa kila kilo 100. Umempa mtu mwenye baridi sahani ya pili ya bukari (ugali) wakati alihitaji blanketi.

Mwaka mmoja niliitwa Katuba kwa kijana aliyetia yurea kiganja kizima kwa kila shina, mara 2 ndani ya wiki 3, kwa sababu ile ya kwanza "haikufanya kazi". Tuling'oa shina moja. Mizizi iliyopaswa kuwa myeupe ilikuwa kahawia kwenye ncha, laini, inachubuka kwa vidole. Baridi ingepita na tomati zile zingezaa. Hazikuzaa, kwa sababu ya mbolea.

Kwa hiyo, Mama, yurea basi. Usizing'oe tomati zako kama shina bado gumu na kijani. Mwagilia asubuhi jua likishapanda, usimwagilie jioni: udongo wenye unyevu unakusanya joto la mchana na kulitoa usiku, udongo mkavu hauwezi. Kama umetandaza nyasi, zisogeze pembeni hadi mwezi wa nane, kwa sababu zinalizuia jua kupasha udongo. Watu hushangaa nikisema hivyo, maana mwaka mzima nawahimiza watandaze. Zirudishe joto likianza. Usiku funika mistari kwa gunia au pagne (kitenge) kuukuu juu ya vijiti, kitambaa kisiguse majani, na ufunue asubuhi. Usiku ukianza kupata joto mwezi wa nane, maua mapya yatashika. Mwezi wa kumi joto kali la mchana nalo linaangusha maua, kwa hiyo nafasi yenyewe si ndefu.

Mwaka ujao sia mwezi wa pili, matunda yawe yameshika kabla ya mwezi wa sita. Au sia katikati ya mwezi wa saba, kitalu kikiwa kando ya ukuta wa matofali unaoangalia kaskazini, upande wa Likasi, si ule wa Kasumbalesa: mwezi huo jua letu linapita kaskazini, na ukuta unakaa na joto hadi usiku. Kati ya misimu hiyo miwili weka kabichi, karoti, vitunguu, saladi. Hizo baridi inazifaa.

Nabaki na ile chupa. Homoni za kulazimisha tunda lishike bila chavua zipo kweli, na wakulima wa nyumba za vioo huko Ulaya wamezitumia, kwa kipimo cha matone, ua kwa ua. Lakini chupa uliyonunua ni ya maji ya kunywa, haina jina la dawa, haina kipimo, wala haisemi usubiri siku ngapi kabla ya kuchuma. Muuzaji mwenyewe hajui kilichomo. Nimeonyeshwa "vitamini" kama hizo zinazonuka dawa ya wadudu hata kabla ya kifuniko kufunguliwa, na mwenye shamba alikuwa amepuliza bila glavu, mtoto mgongoni. Hili linanikasirisha kuliko maua yote yaliyoanguka mjini. Tomati ikikosa kuzaa mwezi wa saba, itazaa wa tisa. Sumu isiyo na jina inaingia kwenye mboga, na mboga inaingia kwenye sahani ya watoto. Anayekuuzia dawa bila kwanza kukuuliza ulipanda lini, mwachie chupa yake.

Matunda ya mashina uliyopuliza usiyachume kwa kula, hata kama kuna machache yaliyoshika. Yatoe, yafukie mbali na kisima. Na chupa, kama bado iko jikoni, itoe leo. Usiimwage kwenye mtaro wala mtoni. Ifunge vizuri, iandike SUMU, uifungie mahali mtoto hafiki, kisha ipeleke kwa wataalamu wa kilimo wa serikali ukiwauliza wapi pa kuiacha.