Virusi hutokaje kwenye seli? Maswali yenu na majibu

Baada ya makala ya namna VVU vinavyoingia kwenye seli, wasomaji wengi wameuliza vinavyotoka. Nimefurahi, maana hatua hiyo huzungumzwa kidogo mno.

Nilidhani virusi vikishazaliana, seli hupasuka tu. Nini cha kuzuia hapo? (Mwanafunzi wa kidato cha sita, Morogoro)

Virusi vya polio hupasua seli, ni kweli. Lakini VVU, Ebola na mafua hujivika kipande cha utando wa seli, kisha hukatika na kwenda zao. Hapo ndipo tetherini inapovisubiri. Protini hii ina ncha mbili, na zote mbili zimezama kwenye utando. Kirusi kinapojivika utando, huondoka na ncha moja huku nyingine ikibaki kwenye seli. Kimekamilika, lakini kinaning'inia nje kama mashua iliyofungwa gatini. Kwa darubini ya elektroni virusi huonekana vimerundikana juu ya seli, na vingi hurudishwa ndani vikasagwa. Interferoni, ile protini ya tahadhari ambayo mwili huitoa ukishambuliwa, huifanya seli itengeneze tetherini kwa wingi.

Wanasayansi waliijuaje? (Muuguzi, Mombasa)

Kwa kufuatilia jambo lililokataa kueleweka. Protini ya VVU iitwayo Vpu ilijulikana tangu 1988. Ukiiondoa, virusi hutoka vizuri kwenye aina fulani za seli, na kwenye nyingine hunasa. Seli za aina hizo mbili zilipounganishwa kuwa moja, virusi vilinasa. Maana yake seli zinazonasa zina kitu cha ziada. Mwaka 2008 kundi la Paul Bieniasz huko New York na kundi la John Guatelli huko California, kila moja kivyake, yalikitambua kitu hicho: tetherini.

Sasa VVU hujinasuaje? (Mwalimu wa biolojia, Kigoma)

Vpu hushikana na tetherini ndani kabisa ya utando, huizuia isifike juu ya seli, kisha huita mitambo ya seli yenyewe iitie alama ya kuharibiwa. VVU vya aina ya pili, HIV-2, havina Vpu. Vyenyewe hutumia protini ya gamba lao la nje, ambayo huificha tetherini ndani ya seli.

Tunaambiwa VVU vilitoka kwa sokwe. Mbona aina moja tu ndiyo iliyoenea dunia nzima? (Msomaji, Lubumbashi)

Swali hili ndilo lililonifanya niipende mada hii. HIV-1, yaani VVU vya aina ya kwanza, ina makundi manne, M, N, O na P, na kila moja lilianza na kirusi kuvuka peke yake kutoka kwa nyani wakubwa. Kundi M lilitokana na sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, likashika kasi Kinshasa mwanzoni mwa karne ya 20, na leo ndilo lililo nyuma ya karibu maambukizi yote duniani. Kundi O limebaki zaidi Kamerun na nchi jirani. N na P yamepatikana kwa watu wachache sana.

Kwa sokwe, kirusi huiondoa tetherini kwa protini nyingine, Nef, inayoshika sehemu fulani ya mkia wa tetherini. Tetherini ya binadamu haina sehemu hiyo: asidi amino 5, yaani vipande vidogo vinavyojenga protini, zilitoweka zamani sana, kiasi kwamba hata Neanderthal, binadamu wa kale waliotoweka, hawakuwa nazo. Nef ilipofika kwetu haikuwa na pa kushika. Kundi M liliihamishia kazi hiyo Vpu, na likaifanya vizuri. Vpu ya kundi N nayo iliweza kiasi, lakini ikapoteza kazi yake nyingine ya kuharibu CD4, protini ya juu ya seli ambayo VVU huishika ili kuingia. Siamini kwamba tetherini peke yake inaeleza janga zima. Miji, reli na biashara vilichangia sana. Lakini bila kukivuka kizuizi hiki, sioni kundi M lingefikaje lilipofika.

Na virusi vingine? (Msomaji, Mtwara)

Ebola hutumia protini ya gamba lake. Chikungunya, iliyotambuliwa kwa mara ya kwanza huko kwenu kwenye nyanda za Makonde mwaka 1952, hutumia protini yake iitwayo nsP1. Kirusi kinachosababisha saratani ya Kaposi nacho huiharibu tetherini.

Natumia ARV. Je, ndizo zinazozuia virusi kutoka? (Msomaji, Kisumu)

Hapana, dada yangu. Kidonge cha TLD hufanya kazi mapema zaidi: tenofovir na lamivudine huzuia kirusi kunakili vinasaba vyake, na dolutegravir huvizuia visipachikwe kwenye vinasaba vya seli. Atazanavir, kwa wanaoitumia, huacha virusi vitoke lakini vikiwa havijakomaa, visiweze kuambukiza. Kwa mafua ipo dawa inayozuia kutoka, oseltamivir. Kwa VVU, kliniki bado hazina dawa ya kuizima Vpu. Seli iliyoambukizwa zamani inaweza bado kutoa virusi. Kidonge chako huilinda seli inayofuata, na ndiyo maana ukikiacha virusi hurudi.