Daisy de Santiago: ndimu kwanza, Chartreuse mwisho

Hapa Kampala mtu akiagiza ramu, mara nyingi anataka na kola. Sina ugomvi na kola, lakini anayeipenda ramu kweli inabidi aionje siku moja na ndimu na Chartreuse ya njano, pombe tamu ya mitishamba ya Ufaransa. Kokteli hiyo ni Daisy de Santiago. Mmarekani Charles H. Baker aliiandika kitabuni mwake mwaka 1939, na Santiago hiyo ni ya Kuba, mji ambako Bacardi ilianzishwa mwaka 1862.

Kwa miaka niliyosimama kaunta, nimeona watu wakihangaikia chupa na kuisahau ndimu. Ndimu ndiyo roho ya kinywaji hiki. Nunua siku hiyohiyo, soko la Nakasero au Owino, na uipime mkononi: iwe nzito kwa umbo lake, ngozi nyembamba, isiyo ngumu. Limau halifai hapa, harufu yake ni nyingine kabisa. Ibiringishe mezani kwa kiganja, ikate, ikamue muda uleule wa kuchanganya. Usiminye ganda mpaka tone la mwisho, uchungu utaingia. Maji ya ndimu yaliyolala kwenye friji yamechoka, na ya chupa mimi siyatumii.

Shira si kazi ngumu: sukari na maji moto kiasi sawasawa, koroga mpaka iyeyuke, acha ipoe. Sukari yetu ya dukani ina weusi kidogo, itabadilisha rangi tu.

Sasa funga barafu kwenye taulo safi uipige kwa mchi mpaka isagike, ujaze glasi. Mimina ramu nyeupe mililita 45, ndimu 25, shira 10. Koroga mpaka glasi itoke jasho kwa nje, kisha tia maji ya soda kidogo tu. Onja hapo: kama ndimu inakukunja uso, ongeza shira.

Chartreuse inakuja mwisho, mililita 15, juu ya barafu, na baada ya hapo kijiko kikae mbali. Ina sukari nyingi, hivyo inazama yenyewe taratibu katikati ya barafu. Utaiona ikishuka kama nyuzi za njano. Funda la kwanza linakuja na harufu ya mitishamba na asali, ndimu na ramu zinafuata, na kila funda linabadilika. Ukiikoroga, yote hayo yanakuwa ladha moja. Pambia na tawi la nanaa ulilolipiga kofi kidogo kiganjani ili litoe harufu.

Chupa yenyewe ni ya kutafuta. Inatengenezwa na watawa wa Ufaransa kwa mimea 130, na mwaka 2023 walieleza wazi kwamba hawataongeza uzalishaji, wanataka muda wa sala. Mimi huwaagiza wasafiri. Ukipata ya kijani pekee, punguza iwe mililita 10 na uongeze shira, maana ina kilevi asilimia 55. Strega, pombe ya mitishamba ya Italia, nayo inakaribia.

Waragi usiiweke mahali pa ramu. Uganda Waragi ni jini (gin), nzuri sana kwa ndimu na toniki, ila ramu inatokana na miwa, na Chartreuse inauhitaji utamu huo ili isikae peke yake mdomoni.