Jibu: Mtutu wa inchi 16 au 20?

Kaka, kwa kuwa uko Galveston, Texas, na waunda bunduki ya AR-15 ya kulenga shabaha, urefu usikuumize kichwa. Inchi 20 huipa risasi kasi zaidi, lakini 16 ni mwepesi kuubeba na watosha kabisa kwa mita 200. Usishuke chini ya 16. Sheria ya Marekani inakataza bila kibali maalumu.

Angalia zaidi mizunguko ya mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi. Mzunguko mmoja kwa kila inchi 8 hutuliza risasi za greni (kipimo cha uzito wa risasi) 55 hadi 77, na ndio ningechagua mimi. Mtutu wa chuma cha pua hulenga vizuri, ila wewe unaishi pwani. Sisi wa Mombasa twajua chumvi inavyokula chuma; tazama bawaba za madirisha Mji wa Kale. Chukua uliopakwa kromu ndani, na uupake mafuta kila ukitoka uwanjani.

Chemba, yaani tundu la kutilia risasi, iwe ya risasi za saizi ya 5.56. Yapokea na risasi za .223, lakini ya .223 usiitie 5.56, shinikizo lake ni kubwa mno.

Na tafadhali, ukija likizo usibebe hata mtutu mtupu. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, yauhesabu kuwa silaha.