Maswali ya Karakana: Bushi ya nailoni inabana kwenye maji ya moto

SWALI: Ndugu mhariri, pampu yetu ya maji ya moto ya kuoshea mashine za kiwanda cha samaki ina shafti ya milimita 30. Tulikerezewa bushi (bomba fupi ambamo shafti huzunguka) za nailoni zenye unene wa milimita 5. Zikiwa mpya shafti inazunguka vizuri, lakini baada ya wiki chache inabana hadi mota inajikata. Mara nyingine tunapitisha mvuke pia. Muuzaji anatuambia tuhamie PEEK, plastiki ngumu ya kuvumilia joto, na bei yake inatisha. Anatuibia? (Fundi matengenezo, Igogo)

JIBU: Hawaibii, ingawa si kila PEEK itawafaa. Ubaya wenu umeanzia kwenye maji, joto limeongezea tu. Nailoni ya aina ya 6 hunywa maji hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake, kisha huvimba. Bushi yenu imeshikwa na chuma kwa nje, kwa hiyo uvimbe wote unaelekea ndani. Kwa vipimo mlivyotoa, ikishiba kabisa tundu linaweza kupungua kwa zaidi ya nusu milimita. Hakuna shafti itakayovumilia hilo. Isitoshe, maji ya moto hukatakata molekuli za nailoni, na klorini ya usafi huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana bushi za zamani mkizitoa zinameguka kama biskuti.

PEEK, iliyobuniwa Uingereza na kampuni ya ICI mwaka 1978, hunywa maji chini ya asilimia 0.5. Huyeyuka kwenye nyuzi 343 za Sentigredi, hufanya kazi mfululizo hadi nyuzi 250 hivi, na mvuke hauiozeshi. Ndiyo maana utaikuta kwenye vali za kompresa, sili za pampu za kemikali, ndege, hata vipandikizi vya uti wa mgongo.

Lakini kuna namba moja ambayo wauzaji hawaisemi: nyuzi 143. Ikivuka hapo hailainiki kama nta, ila hupoteza sehemu kubwa ya ukakamavu wake na kutanuka mara mbili zaidi ya awali. Mvuke wenye shinikizo la bar 3 kwenye geji umeshafika hapo hapo. Bushi iliyoshikiliwa kwa kubanwa tu italegea na kuzunguka pamoja na shafti. Ikerezeni ikiwa na ukingo, au izuieni kwa skrubu. Kwa shafti yenu acheni nafasi ya milimita 0.25 hadi 0.3 kwenye kipenyo. Ikifika nyuzi 125, kiasi cha 0.1 kitaliwa na joto.

Na msinunue ile PEEK ya rangi ya krimu, kwani msuguano wake ni mkubwa mno kwa bushi. Ulizeni nyeusi yenye asilimia 10 ya nyuzi za kaboni, 10 ya grafiti na 10 ya Tefloni, plastiki telezi. Bajeti ikigoma, kuna plastiki nyingine iitwayo PPS: inayeyuka kwenye nyuzi 280 hivi, hainywi maji karibu kabisa, na bei yake ni nafuu. Ubaya wake ni wepesi wa kupasuka, kwa hiyo isigongwe nyundo wakati wa kuingiza.

SWALI: Nimeuziwa fimbo ya krimu nikaambiwa ni PEEK. Nitahakikishaje? (Nyakato)

JIBU: Ipime kwenye mizani. Kipande cha kipenyo cha milimita 50 na urefu wa 100, kama ni PEEK halisi, kina gramu 255 hadi 260. Nailoni itakuwa na 224 hivi, plastiki ya asetali 277, Tefloni zaidi ya 400. Kisha gusa pembeni kwa pasi ya kulehemu risasi iliyowekwa nyuzi 300: nailoni na asetali zitayeyuka, PEEK haitayeyuka. Fungua dirisha, moshi wa asetali unachoma macho.

SWALI: Nikikereza PEEK asubuhi, jioni vipimo vimehama. Nikitoboa tundu refu inapasuka. (Mkerezaji, Kirumba)

JIBU: Fimbo imekuja na mkazo ndani yake, nawe ukiondoa nyama upande mmoja unaufungulia. Kereza kwanza ukiacha milimita moja hivi ya ziada. Weka kwenye oveni nyuzi 150 kwa saa tatu ikauke, panda taratibu hadi 200, ikae saa nne au zaidi kama ni nene, kisha shusha nyuzi 10 kwa saa hadi chini ya 140 ndipo uzime. Mafundi wengi huharibu hapo kwenye kushusha: wanafungua mlango wa oveni ili wawahi kula, na mkazo unarudi upya. Tumia kisu chenye ncha ya kabaidi kilicho kikali kweli, usikaze taya kama umeshika chuma, na unapotoboa toa keekee kila mara uondoe maganda na joto. Pima kipande kikiwa kimepoa.

SWALI: Tefloni nayo inavumilia joto na ni laini. Kwa nini nisiitumie kwa bushi zote? (Ilemela)

JIBU: Kwa sababu inatambaa. Ukiibebesha mzigo, hata bila joto, inasambaa polepole hadi shafti inacheza. Iache kwenye sili na gasketi zilizofungiwa pande zote. Takataka zake usizichome, na usivute sigara ukiwa na vumbi lake vidoleni: likiungua kwenye sigara hutoa mvuke unaoleta homa na kubana kifua saa chache baadaye, na watu hudhani ni malaria.