Ukuu wa chuo au leba? Namjibu daktari aliyeuliza jana

Mdogo wangu, umeuliza kama ukimaliza ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi kisha ukakubali ukuu wa chuo cha afya utakuwa umeitupa taaluma. Mimi nilikubali. Nilikaa leba miaka tisa, ofisini nina mwaka wa sita.

Wanaokuambia vyuo ni vya walioshindwa wodini wamesahau ya jana tu. Profesa Hubert Kairuki alikuwa bingwa wa uzazi. Alianzisha hospitali Mikocheni mwaka 1987, na chuo kikuu kikafuata 1997. Alipofariki 1999, aliyekuja kukiongoza ni Profesa Esther Mwaikambo, daktari wa watoto.

Lakini sikufichi, mwanzo ulinichosha roho. Siku nzima nasaini madai ya chakula, nasuluhisha ugomvi wa bweni, nasikiliza mzazi anayeomba ada isogezwe. Usiku naamka saa tisa, naitafuta simu, kumbe hakuna aliyeniita.

Kilichonibakiza ni mama mmoja wa zamani, enzi nikiwa zamu. Alijifungua salama, mtoto akalia vizuri. Nilipoitwa, faili lilisema ametoka damu mililita 400. Mapigo ya moyo yalikuwa 130, na chini ya kitanda kulikuwa na kanga tatu zinazochuruzika damu ambayo haikuhesabiwa. Tulimpoteza alfajiri. Mkunga hakudanganya; alikadiria kwa macho, kama alivyofundishwa, kama nilivyofundishwa mimi.

Basi mwaka wangu wa kwanza chuoni nilinunua rozela sokoni, nikachemsha ikawa nyekundu kama damu, nikapima lita moja na kuimwaga juu ya kanga mbili na kipande cha godoro. Nikawaita wanachuo, kila mmoja aandike kadirio lake. Wengi waliandika 300, 400. Aliyekaribia zaidi aliandika 600, naye alikuwa binti wa mama ntilie aliyezoea kupima kwa jicho! Tangu siku hiyo hakuna anayetoka kwenda mazoezi ya hospitalini kabla hajapita kwenye rozela. Utafiti uliotoka 2023 kutoka hospitali 80 za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini ulionyesha jambo hilohilo kwa ukubwa: mama akiwekewa chini yake plastiki yenye vipimo ya kukingia damu, damu ikasomwa mapema na matibabu yote yakaanza kwa pamoja (kusugua kizazi, oksitosini, dawa ya kugandisha damu, dripu, kukagua inatokea wapi), madhara makubwa ya kutoka damu yalipungua kwa asilimia 60. Leba ningemhudumia mama mmoja mmoja. Huku nawatoa wakunga na matabibu darasa zima kila mwaka, na siwezi kusema nimeitupa taaluma.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya: wasichana watakuja ofisini kwa "shida ya ada", wafunge mlango, kisha shida iwe hedhi isiyokoma au mimba. Nilianza kuwatibu mwenyewe, nikakosea. Mtu anayeshika matokeo na ada ya binti hafai kuwa daktari wake, maana binti hatamwambia yote. Sasa nawasikiliza, nawapeleka kwa mwenzangu wa nje, na sitaki kusoma faili.

Fedha? Kliniki binafsi inalipa zaidi, tusidanganyane.

Mikono nayo inasahau. Nilikaa miezi minane bila kuingia thieta, na upasuaji wa kwanza niliporudi nilishona kama intern, daktari aliyetoka chuo jana. Sista alinitazama tu, kwa adabu. Kwa hiyo dai siku ya kliniki na uitaje kwa jina ndani ya mkataba. Mimi niliahidiwa Jumatano kwa mdomo, halafu chini kabisa pakaandikwa "na majukumu mengine atakayopangiwa". Vikao vyote vya bodi vikawa Jumatano.